Siku nilipigia farasi kelele ku kilio ya Tonton

Hii maneno sipendi kuisema, nasikia haya mpaka leo, mais juu tuko benyewe kwa benyewe, musikie tu.

Tonton Fabien, mudogo ya mama yangu, alikuwa anapenda mbio ya farasi ya kule Ufaransa kuliko chakula. Tulikuwa tunaiangalia ku telefone yangu, pa barza yake hapa Likasi, bila kucheza makuta, hata feza kidogo, ilikuwa mabishano tu. Farasi ya mwisho tulibishania ilikuwa kajike kamoja, Petite Brume, kalikuwa kamekimbia mara mbili tu: ya kwanza kakachelewa kutoka, kakafika nyuma kabisa, ya pili kakafika ka tatu.

"Tonton, kale kako kavivu," nikamuambia.

"Weye unaangalia namba, minye naangalia namna kanamaliza. Zingine zinachoka, kenyewe njo kanaongeza mbio. Bakapatie mbio murefu, utaona."

Mwenyewe hakuona. Moyo yake ilisimama mbele ya mbio ya tatu, na siku ya kumuzika ikaangukia siku ile ile ya mbio.

Njo nikajisemea, nitaweka écouteur moja tu ku sikio, chini ya kofia, nimuangalilie Tonton. (Ndiyo, karibu na sanduku yake. Munisamehe.) Pasta akasema tunyamaze tuombe, bantu bote bakainama, na minye nikainama, mais juu ya telefone, na mu kona ya mwisho nikaona Petite Brume inatoka nyuma, inapita moja, inapita mbili, vile vile Tonton alisema, machozi ikanitoka na kinywa ikafunguka yenyewe: "Pita! Pita, mama! Bamalize!"

Nikashituka, waya ya écouteur ikachomoka, na sauti ya ule mutangazaji Mufaransa ikajaza lupango, kiwanja muzima ya nyumba.

"Eko anamufukuza marehemu?" mama moja akauliza.

Yaya, ndugu yangu mukubwa, akanishika mukono, akanitosha inje ya lupango kama mulevi. Na farasi yenyewe ikafika ya ine, nyuma ya zingine tatu.

Kisha maziko nikapiga magoti mbele ya Tantine Béa, mujane ya Tonton, nikamuelezea yote. Akaniangalia sana.

"Ilikuwa ya ngapi?"

"Ya ine, Tantine."

"Angesema nini?"

"Angesema ingali mutoto, iliongeza mbio mbele ya saa, mais iko na..." Tukalia sisi wawili, na ile njo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumulilia Tonton kweli.

Sasa nikienda ku kilio, telefone inabaki ku nyumba. Petite Brume imekimbia tena, banasema. Sikuangalia. Ningebishana na nani?