Chapa ya Simba Katika Kitabu cha Mama Kavira

Nakumbuka Jumapili moja kule Bwera, miaka ya sitini, mwanangu, niliponyoosha kidole mbele ya kanisa zima nikamwita mama wa watu mwizi. Nisikilize vizuri, maana mpaka leo kichwa changu hakijatulia juu ya jambo hili.

Nilikuwa kijana wa kutunza vyombo vya kanisa. Padri wetu alikuwa amekwenda kwao Ulaya, akaniachia ufunguo wa kabati. Ndani ya misale yake, kile kitabu cha misa, kulikuwa na kialamisho cha fedha, kile kipande chembamba cha kuwekea ukurasa. Siku moja nikafungua misale, hakipo! Roho juu. Nani angeamini kwamba sikukiuza mimi?

Jumapili hiyo nikamwona Mama Kavira, mkimbizi kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka, aliyekaa na watoto wake kwenye kiwanja cha kanisa, akifungua kitabu chake cha sala. Kialamisho hicho hapo! Nikakinyakua. Nyuma yake kulikuwa na simba mdogo aliyegongwa kwenye fedha, na herufi kadhaa pembeni. Simba wa padri nilimjua, nilimsugua kila mwezi.

"Mutoto yangu, hii iko ya mama yangu," akasema. "Bamasera balimupatia kule Beni."

Masista wa Beni! Na simba je? Baba yangu alifuga ng'ombe Rukoki, na kwetu chapa ya ng'ombe ni ya mwenye ng'ombe, hakuna mjadala. Nikasema hivyo hivyo: simba ni chapa ya padri. Tena nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, ee, nilikuwa na sauti! Wazee wa kanisa wakaniamini, wakamwambia ahame. Akabeba vyombo vyake na watoto, akaenda Nyakiyumbu. Mimi nikabaki na kialamisho na sifa.

Lakini zile herufi zilinisumbua. Jina la padri halikuwa na hata moja kati yake. Nikapanda lori mpaka Kasese, kwa sonara mmoja Mhindi aliyewatengenezea pete wake wa wafanyakazi wa mgodi. Akaweka kioo jichoni, akacheka.

"Nani ameambia wewe simba iko mwenye mali? Simba inasema fedha hii safi, ya Uingereza. Herufi hizi mbili, jina ya fundi. Hii moja, mwaka." Akavuta droo, akanionyesha vijiko vitatu. Simba, simba, simba! "Sasa ile ya padri ilikuwa na herufi gani?"

Mwanangu, sikukumbuka hata moja. Nilikuwa nimekisugua kile cha padri miezi yote hiyo, nikimtazama simba tu. Kwa hiyo hiki nilichokuwa nacho huenda kilikuwa cha padri. Huenda kilikuwa cha mama yule. Nilitoka dukani sijui niende kushoto au kulia.

Mwishowe nikaenda Nyakiyumbu. Nilimkuta analima shamba la watu, nikamnyooshea kialamisho. Hakukipokea.

"Sasa unajua iko yangu?"

Nilitamani kusema ndiyo, yaishe. Nikashindwa. "Sijui, mama."

"Basi wende useme vile, mbele ya bale batu. Kisha nitakamata."

Jumapili iliyofuata nikasimama mbele ya watu wale wale, nikasema sijui kialamisho ni cha nani, na siku ile pia sikujua. Mzee mmoja akaguna. Mama Kavira alikuwa mlangoni na watoto wake. Akaja mbele, akakichukua mkononi mwangu, akakiweka kitabuni, akaketi. Padri hakurudi, na misale yake ilibaki vile vile, bila kialamisho. Nimezeeka nikijiuliza, wala sijapata jibu.

Basi nakuasa. Kitu ukikizoea, usidhani umekijua. Kisome chote, muulize anayekifahamu, na kama hujui, sema sijui kabla mtu hajafukuzwa kwa neno lako. Mimi nililisema nimechelewa. Wale watoto walilala wapi siku zile zote? Niliona aibu kuuliza, na sasa hakuna wa kumuuliza. Mungu akujalie moyo wa kuuliza mapema, na siku utakayokosa, akupe mtu wa kukurudisha kama mama yule alivyonirudisha mimi.