Kunguru wa Mvule Wetu

Juzi nilifungua pakiti ya mahindi ya mbegu katika duka moja la pembejeo pale Tororo, na harufu ya dawa ikanipanda puani kabla sijaiona rangi. Ni harufu kavu, kali, yenye utamu wa uongo kama peremende iliyosahauliwa kwenye sanduku la nguo. Mwenye duka aliniuliza kama nina mafua. Nikamwambia ndiyo, maana mimi si mtu wa kumweleza kila mtu kila kitu. Hata nikikaribishwa chai nainusa kwanza. Ninyi, hata hivyo, nitawaeleza tabia hii ilianzia wapi.

Nilizaliwa Iyolwa, kijiji cha huko huko Tororo, na mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi. Karanga zilipopandwa, kunguru walitushukia kwa wingi ambao hatujawahi kuuona, wale wenye kifua cheupe wanaotembea shambani kama wakaguzi. Walifuata mstari uliopandwa asubuhi, wakafukua punje moja moja, na kufikia saa sita shamba lilibaki mashimo matupu. Vifaranga nao waliwabeba. Kwetu dawa ya kunguru ilikuwa moja: unamuua mmoja, unamning'iniza kichwa chini kwenye mti katikati ya shamba, wenzake wakimwona wanahama. Basi kijiji kizima, wakubwa kwa wadogo, kikaingia shambani na manati.

Ila kunguru anakariri sura. Ukimrushia jiwe leo, kesho ukichungulia tu mlangoni anapiga kelele, na ukoo wake mzima unajua kuwa ni wewe. Watu walibadilishana kofia na makoti ili wasitambulike. Mwenyekiti wa kijiji, mzee aliyewahi kuwa askari, alijaribu kuwavizia akiwa amevaa gauni la mkewe. Kunguru walimjua kwa mwendo, na sisi watoto tulicheka mpaka tukafukuzwa.

Hakupenda kuchekwa. Jumapili iliyofuata alisimama nje ya kanisa akatutangazia kwa Kiswahili chake cha kambini: "Kila boma nalete kunguru yake! Mimi napita shamba kwa shamba, naangalia. Boma yenye haina kunguru, hiyo nataka kujua kwa nini."

Siku chache baadaye karibu kila shamba lilikuwa na kunguru wake akining'inia. Letu halikuwa naye. Baba alikuwa katekista, mtu wa maneno matamu na shabaha mbovu kabisa. Mama alikuwa amekwenda kwao Bulumbi kumuuguza bibi, kwa hiyo mwindaji wa pili nyumbani nilikuwa mimi, na mimi nilipiga mabati kuliko ndege. Jambo baya zaidi ni kwamba kunguru wote, baada ya kula karanga za watu, walikuja kulala kwenye mvule uliokuwa nyuma ya nyumba yetu.

Watu walianza kutuangalia. Niliwaona wakinyamaza tulipofika kisimani. Mwanamke mmoja aliniuliza, huku akicheka kwa meno tu, "Eti kunguru yenu nakula nini jioni?" Nilielewa vizuri alichokuwa akiuliza. Kwetu, mtu anayefuga ndege wa aina hiyo si mtu mzuri, na baba yangu ndiye aliyewafundisha watoto wao sala. Niliona aibu mpaka chakula kikanishinda. Nikaamua kwamba kunguru wetu lazima apatikane.

Hapo ndipo anapoingia Mama Awino, jirani yetu. Alikuwa Mjaluo wa upande wa Kenya aliyeolewa kwetu, na mumewe alikuwa amekwisha kufariki. Kila siku alivuka mpaka pale Busia na maparachichi kichwani, akarudi na sabuni, dagaa wa omena, na mwaka ule mahindi ya mbegu yaliyopakwa dawa ya pinki. Alimwonya kila aliyemuuzia. Kwetu alisema mimi nikiwa nimesimama hapo hapo: "Baba Nyachwo, hii ni ya udongo, si ya mdomo. Hata kuku asionje."

Nyachwo ni mimi. Niliyasikia maneno yale yote, na ndiyo maana nilijua la kufanya. Asubuhi moja baba alipokwenda kumtembelea mgonjwa, nilichota mahindi yaliyobaki kwenye mfuko wetu, viganja viwili vilivyojaa, nikayatawanya kwenye kichuguu ambapo kunguru walipenda kutua. Kisha nikajificha nyuma ya mihogo.

Walikuja. Mmoja alichukua punje, akaigeuza mdomoni, akaitema. Akaniangalia moja kwa moja pale nilipojificha. Wakaruka wote, wakapanda mvule wao, wakakaa kimya. Nikaenda zangu kuchota maji, nikisema kesho nitajaribu tena.

Kuku hawakuwa na akili ile. Kufikia mchana walikuwa wamelala miguu juu, wetu na wa majirani pande zote. Mtu alimpasua mmoja akakuta punje za pinki, na neno sumu likatembea kijijini kabla jua halijaanza kushuka.

Baba aliporudi alikuwa amekwisha kusikia habari za kuku. Alinishika mikono, akaigeuza. Viganja vyangu vilikuwa pinki mpaka kwenye mikunjo ya vidole. Alivisugua kwa majivu na limau mpaka nikalia, akavisugua tena. Halafu akachukua mfuko wa mbegu akaenda nao chooni, akarudi mikono mitupu. "Leo usimpe mtu mkono," aliniambia. Nilimpenda sana saa ile. Nilijua nina baba.

Mkutano uliitishwa alasiri, kwenye uwanja wa kanisa. Nilikalia mikono yangu. Mama Awino alifika wa mwisho, ndiyo kwanza ametoka Busia, na akaja moja kwa moja tulipokaa. Kwetu msichana humwamkia mtu mzima kwa kupiga magoti na kumpa mikono yote miwili. Ningekataa, kijiji kizima kingegeuka kutazama. Nikapiga magoti, nikampa. Aliigeuza mikono yangu taratibu, akaangalia, kisha akaikunja vidole kama anayenipa kitu nikitunze.

"Umekua, Nyachwo," alisema. "Rudi ukae."

Mwenyekiti hakupoteza muda. "Hii mahindi natoka kwa nani?" Wote walijua. "Na kuku yako wewe, kwa nini iko hai?"

"Kuku wangu nimemfunga mguu kwa kitambaa tangu aangue vifaranga," alijibu Mama Awino, "sababu ya hawa kunguru. Nyote mliniona nikimfunga. Na mbegu niliwauzia nyote. Ulizaneni ni nani amebaki nayo."

Mwenyekiti akaanza kuuliza, nyumba kwa nyumba. Kila mmoja alisema alipanda yote. Zamu yetu ilipofika baba alisimama, akakunja mikono mbele kama afanyavyo kanisani.

"Yetu tulipanda yote," alisema.

Hakuna aliyetilia shaka neno la katekista. Mama Awino alimwangalia, akaniangalia mimi. Nilingoja aseme, na hakusema. Shemeji yake mkubwa akainuka akatamka kwamba ukoo umechoka naye, arudi kwao, kuvuka mpaka.

Sasa niwaambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Sikumshukuru. Nilimshuku. Nilidhani ameliweka neno lile akiba, atalitoa siku akipenda. Siku zile chache alizokuwa akifungasha vitu nilimchungulia kupitia ua wa minyaa, nikiangalia anaongea na nani. Alipopanda boda boda na yule kuku wake kwapani na vifaranga ndani ya kikapu, nilifurahi. Usiku huo nililala vizuri. Kunguru wenyewe waliondoka wiki chache baadaye, karanga zilipokuwa zimeshakua hazifukuliki tena, na katika mvule wetu hakufa hata mmoja.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuangalia mikono ya watu kabla ya kuwasikiliza.

Baada ya kunusa ile mbegu pale Tororo niliiacha mezani kwa mwenye duka, nikapanda gari hadi Busia, nikavuka. Nilikuwa nimesikia siku nyingi kwamba anauza omena kwenye soko la upande ule, na siku hizo zote nilikuwa na sababu za kutokwenda. Nilimkuta amekaa nyuma ya beseni, mzee sasa, miwani imefungwa kwa uzi. Wanawake wa makamo yangu hawapigi magoti sokoni Kenya. Nilipiga. Nikampa mikono yote miwili.

Aliigeuza. Akaangalia viganja vyangu muda mrefu, kama anayechambua maharage.

"Nyachwo," alisema. "Baba yako alikuosha na nini?"

"Majivu na limau."

"Ndiyo maana siku ile rangi haikutoka. Mimi ningekuosha na mafuta ya taa." Akaniachia mikono, akapepea nzi kwenye omena. "Ningekuosha vizuri kabisa. Halafu ningesimama kwenye mkutano, niseme kosa ni la nyumba yangu."

Nikamwambia nisamehe, mama. Akasema nimekawia, lakini nimekuja. Kisha mteja alifika, naye akageuka kumpimia.

Nilipokuwa mtoto nilidhani siku ile baba alinionyesha upendo na Mama Awino alinionyesha tishio. Nilikuwa nimeyageuza hayo mawili. Baba ananipenda, sikatai, lakini pendo lile alilipia kwa nyumba ya mwanamke mwingine, na mwanamke huyo alikubali kufukuzwa kuliko kumtaja mtoto wa watu.

Jioni nilifika Iyolwa na omena kwenye mfuko. Baba amezeeka, anakaa mlangoni akiangalia mvule. Aliuliza nimezipata wapi omena nzuri namna hii. Nikamwambia kwa nani. Hakuuliza hajambo, hakuuliza alisema nini. Alikunjua mikono yake mwenyewe mapajani, akaiangalia, kisha akaniomba nimletee maji anawe.