Nimemwita fundi mwizi mbele ya wateja wake

Jamani, leo nimemwita mzee wa watu mwizi, na hakuna kilichoibiwa.

Kigari changu cha zamani kinapiga mluzi tangu juzi. Jana kwenye milima ya Itumba kikaisha nguvu kabisa, mpaka abiria wangu wakashuka kusukuma.

Wiki iliyopita kilikuwa gereji kwa Mzee Sichone, hapa Tunduma. Nikajua tu ameninyofolea kifaa.

Nikafika nafoka. "Mzee, umeniibia!" Wateja wawili wakageuka. Mmoja akawasha gari lake akaondoka.

Mzee akasogea kwenye kigari changu. Alifungua boneti, akalegeza bomba la hewa, akavuta kipande cha kitenge.

Nikakitambua palepale.

Jumamosi niliosha injini mwenyewe (ujuaji huo!), nikaziba bomba kwa kitenge hicho maji yasiingie. Nikasahau kukitoa. Injini ilikuwa inakosa pumzi.

"Mwizi umesema kwa sauti, mwanangu," mzee akaniambia taratibu. "Na kosa hili nalo liseme kwa sauti."

Nimelisema. Mteja aliyebaki amelisikia.

Lakini yule aliyeondoka hakulisikia. Kama unamfahamu, tafadhali mwambie kwamba Mzee Sichone hajaiba kitu. Mwenye kosa ni mimi.