Mwanamke wa Mji wa Kanisa Kuu

Anayesema nimezua, na aje kijijini kwetu Mwabungo amuulize jirani yangu, Bi Mwanasiti. Naye alimwona mgeni wangu kwa macho yake.

Kazi yangu ni kuwaandikia makala wateja wa ng'ambo, kwenye kompyuta. Mmoja alitaka historia ya mji wa Uingereza wenye kanisa kuu, zama za Malkia Viktoria. Nikausifu kwelikweli: minara, maaskofu, reli mpya, mifereji ya maji safi ikipita vichochoroni. Sikuwa nimemwonyesha mtu hata mstari mmoja.

Alasiri nikasikia hodi. Mlangoni kasimama mwanamke wa Kizungu, gauni jeusi la sufu limemfika vifundoni, na jua lile! Wala hana tone la jasho. Nikadhani ni mtalii aliyepotea njia ya ufuo wa Galu.

"Karibu, mama."

Akaingia, akanijibu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu: "Mwanangu, nani kakuambia maji yetu yalikuwa safi?"

Wallahi, maneno hayo yalikuwa bado kwenye kompyuta yangu tu. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi nilisimama nikamwambia, "Kama u mzuka, mimi siamrishwi na mzuka. Sema lako, utoke."

Hakukasirika. Akasema mifereji ile ndiyo waliyokuwa wakinywa maji yake, na ndiyo waliyokuwa wakimwagia uchafu. Kipindupindu kilipoingia kiliwazoa watoto wake wote. Wakubwa wa kanisa walikuwa na visima vyao nyuma ya ukuta, wakihubiri kwamba ni adhabu ya Mungu kwa walevi.

"Wangu wa mwisho alikuwa akinyonya," akasema. "Alilewa nini?"

Nikainamisha macho. Nilipoyainua, hayupo. Bi Mwanasiti, aliyekuwa akianika nguo mbele ya mlango wangu wa pekee, akapaza sauti: "Huyo mgeni wako bado yumo? Tumpikie?"

Nikasoma Ayatul Kursiy, kisha nikaandika upya. Mteja akaniamuru nifute kipindupindu, eti kinafukuza watalii. Nikamjibu: sifuti. Akaninyima kazi. Na aniulize tena leo, jibu ni lilelile.

Tangu siku ile, nikianza kuandika sifa za uongo vidole hufa ganzi. Nimetibiwa hadi hospitali ya Msambweni, wapi! Basi nawe unayeandika habari za wafu wa mbali, usijidanganye kwamba bahari inawazuia. Wangu alipiga hodi kwa adabu. Wako huenda asipige.