Dutwa Ilipopaliwa

Kwandu, mtunza kompyuta za ghala la pamba Bariadi, hana mchezo na kazi. Marobota ya pamba yakitoka ghala la Dutwa, kompyuta ya kule huyafuta kwenye orodha yake na ya huku huyaandika, ila kwanza zote mbili huulizwa kama ziko tayari, na lazima zote zijibu ndiyo. Leo Bariadi imejibu, Dutwa mtandao umekatika.

“Mama, andika huku tu, Dutwa watafuata,” akasema Ngassa, msimamizi wa ghala.

“Wakikataa je? Pamba ile ile ilale maghala mawili?” Kwandu hakuinua hata macho. “Kanisani mume wangu Doto alijibu ndiyo, mimi nikapaliwa na mate. Padre alimwoza kabla sijamaliza kukohoa?”

Ngassa akavuta kiti.

Mtandao uliporudi, Dutwa ikamaliza kukohoa, ikasema ndiyo. Kule yakafutwa, huku yakaandikwa.