Ngozi ya Ng'ombe wa Mafisa

Oarabile alikuwa na tabia ya kuzilaza simu. Alizipanga kwenye ukingo wa dirisha la ofisi yetu pale Serowe, za bei mbaya na za bei chee, akakaa kuzitazama zikizimika moja moja, mkono shavuni, macho yamekwenda mbali. Mgeni akiingia angedhani mtoto wa watu kaachwa na mchumba. Kumbe yuko kazini, anafanya majaribio.

Tulikuwa tunatengeneza programu ya ng'ombe waliopotea. Ukimwona ng'ombe asiye wako porini, unampiga picha ya chapa, simu inaandika mahali alipo, na mwenyewe anapata habari. Tuliiandika mara moja ili iende kwenye simu za kila aina. Lakini nani ana muda wa kuandika kila kitu? Kipande cha picha tulichukua cha watu, cha ramani cha watu, cha kutambua mahali cha watu. Vifurushi hivyo hutolewa bure na watu tusiowajua, nasi tunavipachika kwenye kazi yetu. Mimi nilikuwa nikisema nguo ya kuazima haisitiri matako.

"Hatukuazima," Oarabile alinijibu. "Hawa ni ng'ombe wa mafisa."

Baba yake, mzee Gaseitsiwe, alichunga ng'ombe wa mafisa ujana wake wote. Ng'ombe ni wa tajiri, wewe unawalea, maziwa unakunywa, na ndama utapewa mwenyewe akipenda. Lakini akifa mmoja, unampelekea mwenyewe ngozi, aone kwamba kafa kweli na hukumla. Mwaka mmoja fisi walimla ng'ombe wakamaliza mpaka mifupa, mzee akaenda mikono mitupu. Tajiri akaondoa kundi zima. Mpaka leo wapo watu hapa, wapumbavu watupu, wanaomwita mla ng'ombe wa watu. Oarabile alikuwa binti mdogo. Aliniambia kwamba zizi lilipokuwa tupu, aliendelea kusikia kengele usingizini, zikija polepole, zikipita, zikienda zake.

Sasa, wiki ile ile ya kuizindua programu kgotla, uwanja wa mikutano ya kijiji, mbele ya wazee wa baraza, jaribio moja likawa jekundu, yaani limefeli. Kifurushi cha mahali kilikuwa kimetoka toleo jipya. Oarabile aliichukua simu ya bei chee ikiwa imelala, akavuka nayo kilima, akaiamsha. Ikasema bado iko dirishani. Ilikuwa kama mtu aliyeshtuka usingizini hajui yuko wapi. Tukarudisha toleo la zamani, kosa lile lile. Lilikuwepo siku zote, sisi ndio hatukuwahi kutembea na simu iliyolala.

Bosi wetu, Rra Ntsima, akaja na simu yake inayometameta.

"Mbona kwangu inakwenda vizuri, Mma?" akamuuliza Oarabile. Huku Mma ni bibi, Rra ni bwana.

"Simu yako haichungi ng'ombe, Rra."

"Lizime hilo jaribio. Jumamosi wazee wanatusubiri. Ukishindwa, nampa kazi mtu wa Gaborone, na wewe utafute pa kwenda."

"Mtu ataripoti ng'ombe wa mwenzake kwa nia njema," Oarabile akasema, "halafu simu iseme ng'ombe yumo zizini kwake. Ataitwa mwizi. Silizimi."

Nilimvuta pembeni. "Mwenzangu, una kichwa kigumu wewe. Kesho utakula ukweli?"

"Nimeshawahi kuula," akasema. "Haushibishi, lakini unakupa usingizi."

Ukurasa wa mwenye kifurushi ulikuwa umejaa malalamiko. Hakifanyi kazi, wewe mvivu, amka. Mwenyewe kimya. Oarabile alisoma yote, akatikisa kichwa. "Wote hawa wanasema mnyama kafa. Hakuna aliyeleta ngozi."

Basi akaitengeneza ngozi. Programu ndogo mno, haina picha wala ramani, inafanya kosa lile tu mbele ya macho yako. Kisha akaingia kuisoma kazi ya yule bwana, mstari kwa mstari, taratibu, kama unavyopita ndani ya nyumba ya mtu aliyelala usije ukamwamsha. Siku zikapita nje ya dirisha, mawingu ya mvua yakija na kuondoka, yeye hata hakuinua uso. Alipolipata kosa, akarekebisha, akazilaza simu, akazichukua, akavuka kilima. Zikaamka zikijua ziko wapi. Nilifurahi, sitaki kudanganya, nikataka twende nyumbani. Yeye akakaa kwanza, akamtumia mwenyewe kila kitu, ngozi pamoja na dawa.

Ijumaa jibu likaja, kutoka kwa mke wa yule bwana. Mume wangu alifariki, aliandika. Nimesoma barua alizotumiwa, nyingi zinamtukana marehemu. Yako ilionyesha kosa bila kumtukana mtu. Mwanafunzi wake ameitazama, anasema ni kweli. Nakukabidhi kifurushi chote. Kitunze.

Oarabile alilia pale pale dirishani, nami nikalia, ingawa marehemu sikumjua hata jina.

Jumamosi programu ilizinduliwa. Rra Ntsima alisifiwa, akapokea sifa zote bila aibu. Mzee Gaseitsiwe alikaa nyuma kabisa, mahali pake pa miaka yote. Tulipokuwa tunarudi naye nyumbani, Oarabile akamwambia.

"Baba, nimekabidhiwa kundi."

"La nani?"

"La marehemu mmoja, wa mbali. Mke wake ndiye kanipa."

"Anakujua?"

"Hajawahi kuniona."

Mzee akasimama. "Sasa kakuamini vipi?"

"Nilimpelekea ngozi."

 Akaanza tena kutembea, nasi tukamfuata mpaka karibu na geti, jua likituchoma visogo. Pale akaushika mkono wa binti yake.

"Hata mimi ningeipeleka, mwanangu," akasema. "Fisi hawakubakiza."

"Najua, Baba."