Shikamoo ya Nahodha

Basi moja lilikuwa limeniacha stendi na lile la kuendelea nalo halikuwa na siku maalumu ya kutoka, nikaona heri nipite kwenye anwani niliyotumiwa. Chini palikuwa duka la magodoro, kando yake ngazi nyembamba, na juu mlango ulioandikwa kwa chaki: KIMYA. Nikausukuma. Ndani mwanga ulikuwa hafifu, kuta zote zimevikwa magodoro, mengine bado yana nailoni yake, na mwanamke mmoja alikuwa anamwambia mtu, bila kupaza sauti, kwamba yeye yuko tayari kufukuzwa.

"Lakini nahodha hasemi 'habari yako'," aliongeza.

Aliyekuwa akiambiwa hivyo ni mdogo wake wa kiume, mwenye studio. Ndiye aliyeniita. Alisikia kwamba nimezurura nchi nyingi na kuokota lugha kadhaa, akanipigia simu kuniomba nije nimwangalizie tafsiri. Hakuniambia kwamba kiti nitakachokalia bado kina mwenyewe.

Kazi yao ni kuingiza sauti za Kiswahili kwenye filamu za kigeni, hasa zile za sayansi: vyombo vya anga, roboti, watu wanaorudi nyuma katika wakati. Dada mtu anatafsiri, na akikosekana mwigizaji wa kike husoma mwenyewe. Pale kazini wanamwita Shangazi. Fundi mitambo, mzee mwenye kikohozi cha kujibana, alininong'oneza kwamba jina hilo limetokana na lalamiko lake kubwa: katika picha zile zote, watu wa kesho hawana mashangazi. Nahodha anapotelea kwenye nyota miaka na miaka, akirudi hakuna hata mmoja wa kumuuliza ataoa lini.

Sijapata kukutana na mtu aliyetazama picha hizo kwa wingi kama yeye, na alizipenda kama tunavyowapenda ndugu zetu, yaani kwa kuzilaumu. Wakati fundi anapanga nyaya alinimwagia yote, nadhani ili asimtazame mdogo wake. Milipuko ya angani ilimkera: kule hakuna hewa, kishindo kinamfikia nani? Wavamizi nao wanatoka huko mbali na bado wanajua kuegesha katika mji mkuu, hakuna anayepotea njia akatua shambani kwa watu. Mhusika aliyekufa akifufuliwa katika msimu unaofuata, Shangazi hudai arudishiwe machozi yake. Na roboti inayolia haiamini hata kidogo. Anayoiamini ni ile inayojifanya haijasikia. Hiyo, alisema, ndiyo yenye akili.

Niliangua kicheko. Mdogo wake hakucheka.

Ugomvi wao ulikuwa juu ya kipande kifupi sana. Nahodha mwenye ndevu zenye mvi anarudi nyuma katika wakati, anashuka kwenye kituo cha treni, na pale kwenye benchi ameketi msichana mwenye begi magotini. Ni mama yake, kabla hajamzaa. Nahodha anamjua, msichana hamjui. Katika lugha ya filamu wanapeana salamu ndogo tu, neno kwa neno. Nilijaribu kimoyomoyo kuipitisha salamu ile katika lugha zangu nyingine, ikapita bila taabu. Kwenye Kiswahili ikakwama kooni. Nani amwamkie nani? Msichana aliyelelewa vizuri ataona mvi na kutoa shikamoo, na hapo nahodha atalazimika kuitikia marahaba kwa mama yake mzazi. Akiitoa yeye, msichana atadhani mzee wa watu amerukwa na akili.

Shangazi alikuwa ameandika kwamba nahodha anatoa shikamoo. Mdogo wake akaifuta akaweka "Habari yako", na katika kinywa cha msichana, "Nzuri, za kwako?"

Sababu zake hazikuwa za kipuuzi. Watazamaji watacheka mahali pa kuhuzunika, alisema. Midomo nayo haitalingana na sauti. Tena mwakilishi wa televisheni yuko njiani kuja kusikiliza kipande hicho hicho, na akikikataa kazi yote itahamia studio nyingine. Kwa hiyo alishamwambia dada yake mbele ya wote kwamba akigusa neno moja zaidi, kazi basi. Aliporudia onyo hilo alininyooshea kidevu mimi.

Fundi alinimalizia mengine akiwa ameinama chini ya meza. Mama yao alifariki kijana bado anavaa kaptula, Shangazi akamlea. Kila asubuhi kijana alikuwa akimpa shikamoo, hata alipoota ndevu. Tangu awe mkurugenzi, shikamoo imegeuka "Za kazi?" Na dada huitikia, "Nzuri, bosi."

Mwakilishi akaingia, mwanamke mwenye miwani asiye na muda wa kupoteza, akaketi karibu na spika. Mwigizaji wa nahodha alikuwa amekaukiwa sauti, kwa hiyo mkurugenzi akaingia mwenyewe kwenye chumba cha kioo. Dada akaingia kusoma maneno ya msichana. Walisimama mbele ya maikrofoni, mabega yakikaribia kugusana, macho kwenye skrini. Mimi nilishika karatasi za tafsiri kuhakikisha hakuna anayetoka nje ya maneno.

Nahodha akalisogelea benchi.

"Habari yako," akasema mkurugenzi kwa sauti nzito ya kuigiza.

Msichana wa kwenye skrini akainua macho, akatabasamu, akafungua kinywa.

"Marahaba," akasema Shangazi.

Nilimwona mkono ukimrukia mdomoni. Siamini kwamba alikusudia. Nadhani ulimi wake ulikuwa umeingoja salamu ile kwa muda mrefu mno, ukaiitikia kabla haijatolewa.

Fundi akasimamisha picha. Mkurugenzi alivua vipokea sauti polepole.

"Dada, nilikwambiaje?"

"Imenitoka."

"Rudisha nyuma," mwakilishi akamwambia fundi. Akasikiliza, akataka irudishwe tena. "Huyu msichana anaitikia nini? Hakuna aliyemwamkia."

Mkurugenzi akatoka mbiombio kueleza kwamba ni kosa, litafutwa sasa hivi, na mtafsiri mpya ameshafika. Wote wakanigeukia, nikatamani lile godoro la ukutani linimeze. Mwakilishi peke yake hakunitazama. Aliuliza nahodha ni nani kwa yule msichana.

"Mwanawe," ikajibu sauti ya Shangazi kwenye spika. Maikrofoni ilikuwa bado wazi.

"Sasa mbona hamwamkii?"

Mkurugenzi alimtazama mteja, akamtazama dada yake nyuma ya kioo. Angeweza kusema hapana. Akarudi ndani, na Shangazi akatoka kumpisha, akasimama kando yangu na kipokea sauti kwenye sikio moja.

Mara ya kwanza mkurugenzi alichelewa. Mara ya pili sauti ilimkatika, akasingizia vumbi la magodoro. Safari nyingine aliinamisha kichwa kama alivyoinama nahodha, ambaye kumbe ndevu zimemficha midomo, na akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile isiyo ya kuigiza: "Shikamoo."

Jibu likafuata kwenye spika, lilikuwa limesharekodiwa. Shangazi mwenyewe hakufumbua kinywa.

"Hiyo hiyo," akasema mwakilishi, akachukua mkoba wake akaenda.

Mkurugenzi akatoka akijifuta jasho. Alisema yaishe, wakae waendelee, mgeni atakuwa msaidizi tu. Shangazi alikuwa anatia miwani yake kwenye pochi.

"Umeniamkia kwa kuwa mteja kakuambia," akasema. "Nahodha hakutumwa na mtu. Alikwenda mwenyewe."

Shangazi akanikabidhi penseli yake. Mbele kuna roboti inalia, alinitahadharisha, nisiipe maneno mengi. Ijifanye haijasikia.

Tukasikia ndala zake zikishuka ngazi. Chini muuza magodoro alimpa shikamoo ya nguvu, yeye akaitikia, na vyote viwili vikatufikia juu, licha ya magodoro yale ya ukutani. Mkurugenzi alikuwa amesimama na mkono kwenye kitasa cha mlango. Hakuufungua.

Fundi alikohoa, akauliza kama tuendelee. Nikavuta kile kiti, nikakaa. Kwenye skrini nahodha alikuwa bado ameinama.